Chumba Kwanza, Mashine Baadaye: Kuandaa Chumba cha Kushonea Mifarishi Nyumbani

Karibu kila mwezi napokea simu ya mwanamke mwenzangu, mara nyingi Mtanzania, Mkenya au Mkongo anayeishi hapa Marekani, akiniuliza: "Dada, ninunue mashine gani ya mkono mrefu?" Nami humjibu kwa swali: "Ukuta mrefu kuliko zote nyumbani kwako una futi ngapi?" Hapo wengi hunyamaza, kisha nasikia droo ikifunguliwa. Anatafuta tepu.

Naishi Des Moines, jimbo la Iowa, na mashine yangu iko besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba. Kabla yake nilikuwa nikishona kwa cherehani ya kawaida ya mezani. Natandika tabaka tatu sakafuni, napiga magoti, nabana kwa pini za kufunga, kisha nasukuma furushi zima chini ya sindano kama mtu anayepitisha godoro kwenye tundu la panya. Magoti yakachoka, na mabega pia. Nilipopata mashine ya mkono mrefu nikafikiri taabu imekwisha, kumbe nilikuwa sijaandaa mahali pa kuiweka. Ndiyo maana naandika haya yote nikianzia chumba.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: mfarishi una kitambaa cha uso, pamba ya kati na kitambaa cha mgongo. Wamarekani huunga uso kwa viraka vya rangi rangi, kisha hushona tabaka zote tatu kwa pamoja kwa michoro ya mizunguko, majani au mistari. Kwenye cherehani ya kawaida kitambaa ndicho kinachotembea. Kwenye mashine ya mkono mrefu kitambaa kimetulia, kimewambwa kati ya rola ndefu, na kichwa cha mashine ndicho kinachopita juu yake kwenye reli, wewe umeshika vishikio viwili kama usukani wa baiskeli. Unachora kwa uzi. Kwa hiyo chochote kinachotikisa, kinachoinamisha au kinachozuia meza ile kitaonekana kwenye mshono wako.

Hatua ya kwanza: pima chumba, pima na njia

Meza za mashine hizi huuzwa kwa urefu wa futi 8, 10, 12 na hata 14. Usidanganyike na namba hiyo. Sehemu ya kushona ni fupi kuliko meza, kwa sababu kichwa cha mashine nacho kinahitaji mahali pa kuegemea pembeni. Meza ya futi 12 hukupa karibu inchi 120 za kushona, ya futi 10 karibu inchi 100. Mfarishi wa kitanda kikubwa kabisa cha Kimarekani unaweza kufika inchi 108 au 110 kwa upana, lakini mifarishi ya watoto na ya kochi, ambayo ndiyo mingi, haizidi inchi 70. Ushauri wangu: kama si kazi ya biashara, meza ya futi 10 inatosha, na chumba kitakushukuru.

Juu ya urefu wa meza ongeza angalau futi 2 kila ncha ili uweze kuzunguka. Mbele, unaposimama kushika vishikio, acha futi 3 au zaidi. Nyuma pia acha futi 3, kwa maana kuna siku utasimama nyuma ukifuata mchoro wa karatasi uliotandazwa mezani kwa taa ya leza iliyo kwenye mashine. Meza yenyewe ina kina cha futi 4 hivi. Piga hesabu: meza ya futi 10 inataka chumba cha takriban futi 14 kwa 10, ya futi 12 inataka futi 16 kwa 10. Wapo wanaoisogeza ukutani ili kuokoa nafasi. Fanya hivyo ikiwa tu una hakika hutashona kutokea nyuma, na kumbuka kwamba siku uzi ukikatika au rola ikikwama utapaswa kupenya huko hata hivyo.

Chora mstari wa meza sakafuni kwa utepe wa karatasi wa wachoraji. Tembea kuuzunguka siku mbili tatu ukiwa na kikapu cha nguo mkononi. Fungua mlango, fungua kabati, pita kwenda kwenye boila. Mahali utakapokwaruza nyonga leo ndipo utakapokwaruza kila siku.

Kisha pima njia ya kuingilia. Hili nalisema kwa uchungu. Baadhi ya meza huja na reli na rola zilizokatwa vipande viwili vya kuunganisha, nyingine huja na rola nzima za futi 10 au 12. Zangu zilikuwa nzima. Ngazi ya besimenti yetu ina kona katikati, na bomba la futi 12 halipindi. Tulisimama pale ngazini, mimi, mume wangu na kijana wa jirani, tukiligeuza kila upande, hadi tukalipitisha kwenye kidirisha cha juu cha besimenti tukiwa tumetandika mablanketi kwenye theluji. Chukua ubao au mti wa urefu huohuo, upitishe mwenyewe kutoka mlango wa mbele hadi chumbani kabla hujalipa hata senti. Usipopita, uliza meza ya vipande.

Hatua ya pili: sakafu

Ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu, ningesema hili. Mashine inatembea kwenye magurudumu laini sana, na mteremko mdogo usiouona kwa macho utaivuta. Utakuwa unachora duara, nayo inataka kwenda kushoto. Utafikiri mkono wako ni mbaya. Nimewaona watu wakikata tamaa miezi mitatu wakijilaumu, kumbe tatizo ni sakafu.

Zege ndiyo bora. Mbao ngumu ni nzuri ikiwa hazibonyei. Zulia nene silipendekezi: miguu ya meza huzama polepole, tena kila mmoja kwa kiasi chake, na pini zinazoanguka humo hutazipata isipokuwa kwa unyayo. Kama huna budi, weka vipande vya plaiwudi vya unene sawa chini ya kila mguu. Ghorofani, ujue kwamba kichwa, meza na rola kwa pamoja vinapita kilo 100 kwa urahisi, na mashine kubwa ni zaidi ya hapo. Weka meza ikikatiza maboriti ya sakafu badala ya kulala sambamba na boriti moja, na uiegemeze upande wa ukuta wa nje.

Pale utakaposimama weka mkeka mzito wa mpira, mbele na nyuma. Lakini miguu ya meza ikae kwenye sakafu yenyewe, isipande kwenye mkeka.

Hatua ya tatu: umeme, mwanga na hewa

Hapa Marekani saketi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 15 kwa volti 120, yaani wati 1,800 kwa jumla. Pasi peke yake inaweza kula wati 1,500 na ushee. Mashine yenyewe haili umeme mwingi, ila ikiwa pasi, hita ndogo na mashine viko kwenye saketi moja, swichi ya usalama itakata ukiwa katikati ya jani la waridi, sindano imezama kitambaani. Mwite fundi umeme akupe saketi ya mashine pekee, na tumia kifaa cha kuzuia umeme unaopanda ghafla, kwa sababu ndani ya mashine mna bodi za kielektroniki zinazoogopa radi. Waya usipite sakafuni unapotembea. Kwenye besimenti uinue kabisa, maji hayabishi hodi. Kwa anayetaka kupeleka mashine ya aina hii Dar es Salaam au Mombasa, asome kwanza kibao cha volti nyuma ya mashine, kwa maana huko ni volti 230 hadi 240, kisha anunue na stabilaiza nzuri.

Mwanga uwe wa aina mbili. Juu, taa ndefu za LED za futi 4, nyeupe ya mchana, zikifuata urefu wa meza na si kukatiza, tena zikae mbele kidogo ya mahali unaposimama ili kichwa chako kisitupe kivuli kwenye sindano. Pembeni, taa moja ya chini inayomulika kwa ubavu. Hii ya pili watu huidharau, nami siwezi kufanya kazi bila hiyo. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe hauonekani chini ya mwanga wa juu, ila ukizima taa za dari ukaacha ya ubavuni, kila mshono unatupa kivuli chake na michoro yote inainuka. Dirisha ni jema kwa roho, lakini liwekee pazia: jua huchujua kitambaa kilichowambwa wiki nzima, na huozesha uzi rafuni.

Unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 60. Kipimo chake ni kidogo na cha bei nafuu, kitundike ukutani. Kiangazi besimenti za Iowa hutoa unyevu hadi sindano zinapata kutu ndani ya paketi, hivyo nawasha mashine ya kukausha hewa. Majira ya baridi mambo hugeuka: hewa ni kavu, pamba inanata mkononi kwa umeme tuli na uzi unarukaruka kwenye njia yake. Wakati huo sufuria ya maji karibu na hita inasaidia, ila ikae mbali na meza.

Hatua ya nne: kuchagua mashine ya chumba hicho

Sasa, na ni sasa tu, nenda kaangalie mashine. Viwanda vya Marekani vinajulikana: Gammill wako Missouri, Handi Quilter wako Utah, APQS wako hapahapa Iowa, mji wa Carroll. Maduka mengi ya vitambaa vya viraka hukodisha mashine kwa saa baada ya kukupa somo fupi, na hiyo ndiyo njia nzuri ya kujua mkono wako unapenda nini. Ukiweza kwenda kwenye maonyesho makubwa, kama ya Houston mwezi Oktoba au Novemba au ya Paducah, Kentucky, mwezi Aprili, utajaribu nyingi kwa siku moja. Nenda na viatu vya starehe na kitambaa chako cha kujaribia.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kuliko rangi na skrini. La kwanza ni kina cha mkono, yaani nafasi kati ya sindano na mwili wa mashine. Zipo za inchi 16 hadi 30. Kina cha inchi 20 hakikupi inchi 20 za kuchora, kwa sababu mfarishi ulioshonwa unaviringishwa ndani ya mkono na kula nafasi, na kadiri unavyoendelea ndivyo nafasi inavyopungua. Kwa nyumbani, inchi 18 hadi 22 zinatosha kazi nyingi. La pili ni kidhibiti mishono, kifaa kinachofanya mishono iwe sawa ukienda haraka au polepole. Bila hicho, ukikimbia mishono inarefuka, ukisita inarundikana. Kwa anayeanza, usinunue mashine isiyo nacho.

Kompyuta ya kushona yenyewe, hiyo inayoendesha kichwa huku umekaa, inaweza kuongeza maelfu ya dola. Ni kitu kizuri kwa mwenye wateja. Lakini nimejifunza kwa mkono, na naamini mkono ndio unaokufundisha kusikia mashine: mlio wake ikiwa na njaa ya mafuta, mlio wake sindano ikiwa butu. Kompyuta unaweza kuiongeza baadaye kwenye mashine nyingi.

Ya mitumba usiiogope. Uliza imeshona mishono mingapi, wengine wana kihesabu. Uliza anayeifanyia huduma ni nani na yuko maili ngapi. Pitisha kidole chini kwenye nyumba ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, uone kama kuna mikwaruzo. Jaribu kushona nayo mbele ya mwenyewe, kwa uzi wako.

Hatua ya tano: kuifunga na kuisawazisha

Watu wawili angalau, na kichwa kiinuliwe na wawili kwa sababu kinafika kilo 20 na zaidi. Funga meza kwanza bila kukaza sana nati za boliti. Isawazishe, kisha kaza, kisha pima tena. Reli zinafuata, halafu kigari chenye magurudumu kinachobeba kichwa, na kichwa ni cha mwisho.

Kusawazisha ni kazi ya pimamaji, ileile ya mafundi wa nyumba. Weka pimamaji kwenye kila mguu, kwa urefu na kwa kukatiza, ukizungusha skrubu za miguu. Usiishie kwenye ncha. Meza ndefu hulegea katikati, na kidonda hicho hukioni kwa pimamaji fupi. Fanya kama mwashi anayepanga tofali: vuta uzi kutoka ncha hadi ncha, uukaze, uone kama reli inauacha uzi katikati. Kama ipo chini, inua mguu wa kati.

Baada ya kichwa kupanda, fanya jaribio ambalo halidanganyi. Kipeleke katikati, kiachie. Kipeleke pembe ya kwanza, kiachie, halafu ya pili, ya tatu, ya nne. Kikitulia kila mahali, umemaliza. Kikianza kutambaa chenyewe, kifuate kwa macho, kwa sababu kinakuonyesha mteremko ulipo. Rudia jaribio baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi, maana meza mpya hujikalisha.

Urefu wa meza uupime ukiwa umevaa viatu utakavyofanyia kazi. Simama, kunja viwiko, shika vishikio: mikono ya mbele ilale sawa na sakafu, mabega yashuke. Mabega yakipanda, teremsha meza. Ukijikuta unainama kutazama sindano, ipandishe. Sentimita 2 tu zinaweza kukuletea au kukuondolea maumivu ya mgongo. Na ukibadilisha urefu wowote, pimamaji irudi mezani.

Hatua ya sita: vifaa

Hapa watu hupoteza fedha. Duka lina mamia ya vitu vinavyometameta, nawe unahitaji vichache.

Sindano za mashine hizi si zile za cherehani ya nyumbani, soma kitabu chako ujue aina. Saizi 16 na 18 ndizo utakazotumia zaidi. Badilisha kila unapoanza mfarishi mpya, hata kama ile ya zamani inaonekana nzima. Bobini ziko saizi mbili kubwa, L na M. M ni nene na hubeba uzi mwingi, na mashine yako inakubali moja tu kati ya hizo. Nunua ishirini, zijaze jioni moja ukisikiliza redio.

Uzi wa poliesta wa namba 40, kwenye koni kubwa. Usinunue rangi hamsini. Anza na rangi ya maziwa, kijivu cha wastani na bluu nyeusi. Kijivu hicho hupotea ndani ya vitenge vingi kuliko unavyodhani.

Rula za plastiki ngumu za mashine hizi zina unene wa robo inchi. Zile nyembamba za kukatia zinaweza kuteleza chini ya mguu wa mashine na sindano ikapasuka usoni mwako, kwa hiyo usizitumie kabisa. Unapofuata rula, mshono hukaa robo inchi kutoka ukingoni kwa sababu ya mguu wenyewe, basi hesabu nafasi hiyo unapopanga.

Zaidi ya hapo: mafuta meupe ya cherehani, brashi laini ya kutolea vumbi la pamba, mkasi mdogo uliofungwa kwa utepe kwenye kishikio ili usiutafute, pini ndefu zenye vichwa, vibanio vya pembeni vya kuvutia kitambaa, na daftari. Rafu, makopo na ndoano panga upendavyo, ila uzi na vitambaa viinuliwe kutoka sakafuni. Bunda la pamba, ambalo huuzwa kwa upana wa inchi 96, 108 na kadhalika, nimelipitishia bomba na kulitundika chini ya meza. Halichukui nafasi yoyote. Meza ya kukatia na pasi viwe karibu na mlango, kwa kimo cha kiuno.

Hatua ya saba: kanga na kitenge kabla havijapanda mezani

Hapa ndipo maswali mengi ya wenzangu yanapotoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kitenge kipya na kanga mpya zina dondo. Ukizishona hivyo hivyo, kitambaa kitakuwa kama karatasi chini ya sindano, mishono itaruka, na siku ya kufuliwa dondo likitoka mfarishi unalegea. Isitoshe, rangi huchuja, hasa nyekundu, bluu nzito na nyeusi. Fua kila kipande peke yake kwa maji baridi na sabuni kidogo, suuza hadi maji yatoke safi, anika kivulini, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Kama baada ya mara ya tatu bado maji yana rangi, kipande hicho kitumie kwa mkoba au mto, usikiweke karibu na nyeupe.

Kata ukingo wa kiwandani pande zote. Umefumwa kwa kukaza kuliko kitambaa chenyewe, nao utavuta mgongo wa mfarishi ukunje.

Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, yaani inchi 59 kwa 43. Hicho ni kipimo cha mfarishi wa mtoto bila kuunga kiraka hata kimoja, na ndiyo kazi ya kwanza ninayompa kila anayejifunza. Mchoro umekwisha kuchorwa: fuata maua ya mji, zunguka pindo kwa mistari miwili, umemaliza. Ila jina la kanga usilipitie. Nilishona kanga ya mama yangu, aliyonitumia kutoka Tanga, nikapitisha mizunguko juu ya maneno yote kwa sababu nilikuwa nafuata mchoro wa karatasi kutokea nyuma bila kutazama uso. Maneno hayakusomeka. Nilifumua jioni mbili, mshono kwa mshono, na matundu ya sindano bado yanaonekana ukiyatazama kwa karibu. Jina lizungukwe kwa mshono mmoja wa fremu, ndani yake paachwe pamevimba.

Kwa mgongo, ukiunga vitenge viwili, weka mshono wa kuungia ulale sambamba na rola. Mshono huo ukiwa wima, kila mzunguko wa rola utapandana juu ya mshono uleule, katikati patatuna na pembeni patalegea.

Hatua ya nane: mfarishi wa kwanza

Mgongo uzidi uso kwa inchi 4 kila upande, pamba vilevile. Kwa kanga moja basi, mgongo na pamba ziwe takriban inchi 67 kwa 51. Pembe za mgongo ziwe za mraba kweli kweli, usikisie.

Kila rola ina turubai la kuanzia. Weka alama ya katikati kwa kalamu isiyofutika, mara moja tu, itakufaa miaka yote. Linganisha katikati ya mgongo na alama hiyo, bana kwa pini ukitoka katikati kwenda nje, upande wa kwanza kisha wa pili. Viringisha taratibu ukilainisha kwa kiganja. Usikaze kama ngoma. Sukuma kidole kutokea chini: mkono wa juu uweze kukishika kidole kupitia kitambaa. Ukishindwa kukishika, umekaza mno, na mfarishi ukishuka mezani utajikunja.

Tandaza pamba, ilingane na ukingo wa juu wa mgongo. Funga kigari kisiende mbele wala nyuma, piga bandi mstari mmoja ulionyooka kutoka kushoto hadi kulia. Mstari huo ndio dira yako. Uso ulaze ukigusa mstari, upige bandi kwenye ukingo wake wa juu na pembeni, sehemu ya chini iachie ining'inie mbele bila kubanwa kwenye rola. Kila unapoviringisha, lainisha na upige bandi pembeni tena.

Kabla ya kugusa uso, jaribu uzi kwenye ile nafasi ya ziada ya pembeni. Anza na bobini. Shika ncha ya uzi, kikasha chake kining'inie juu ya kiganja. Kikianguka moja kwa moja, uzi umelegea. Kisiposhuka hata ukitikisa, umekazwa. Kinachotakiwa ni kishuke kidogo ukitikisa, kisha kisimame. Ndipo urekebishe uzi wa juu. Ukiona nukta za uzi wa chini zimepanda usoni, wa juu umekaza. Ukipapasa mgongo ukakuta uzi umelala kama kamba iliyonyooka, wa juu umelegea. Geuza kirekebishi cha mkazo wa uzi robo mzunguko, shona inchi 10, papasa tena. Tumia mikono hata kuliko macho, kwa sababu mgongo huuoni ukiwa mezani. Mishono 10 hadi 11 kwa inchi ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Ukipata mshono unaoupenda, andika kwenye daftari: uzi gani, sindano gani, pamba gani, namba ya kirekebishi. Kaza moyo uandike hata kama umechoka.

Kisha vuta uzi wa chini uje juu, shona mishono michache midogo papo hapo kufunga, na anza pindo la kushoto juu. Pumua. Tembea pamoja na mashine kwa miguu, usiinyooshee mikono. Kila unapobadilisha bobini, toa vumbi la pamba na utie tone la mafuta pale kitabu chako kinapoelekeza. Reli na magurudumu yafute kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, uzi mmoja ulionasa kwenye gurudumu unatosha kuitikisa mistari yako yote.

Ukimaliza, usifungue pini haraka. Washa ile taa ya ubavuni, zima za dari, viringisha mfarishi wote kurudi nyuma polepole ukitafuta mahali uliporuka. Ni rahisi kurekebisha ukiwa bado umewambwa. Ukiridhika, ushushe, kata pamba na mgongo vilingane na uso, piga pindo kuzunguka. Nyuma, kwenye pembe ya chini, shona kipande kidogo cha kitambaa cheupe uandike kwa kalamu ya nguo jina la mtoto, jina lako, mji na mwaka. Funika mashine kwa shuka safi hadi kesho.